Kinyota Kwenye Shavu la Fundi

Wako wanawake wanaogundua mambo kwa harufu ya marashi, na wako wanaogundua kwa simu iliyolazwa kifudifudi mezani. Sindano aligundua kwa mshono.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Mume wake aliingia, akavua viatu mlangoni, akavuta kigoda, akakaa mbele yake na kumpa mgongo kama alivyofanya kila siku tangu mtoto azaliwe.

"Nikande mabega kidogo, mke wangu. Leo nimesimama tangu asubuhi. Hata pa kuegemea sikupata."

Mtoto alikuwa ananyonya upande wa kushoto. Sindano akanyoosha mkono wa kulia, ndio uliokuwa huru, akaanza kukanda. Wiki saba sasa. Katika wiki hizo saba hakukumbuka usiku hata mmoja aliolala saa mbili mfululizo. Usingizi wake ulikuwa wa kudonoa, kama kuku anavyodonoa mchele uliomwagika: punje hapa, punje pale, kisha anafukuzwa. Mtoto walimpa jina la utani la Bosi, kwa sababu aliingia kazini saa anayotaka, alipiga kelele bila kueleza shida ni nini, na watu wakakimbia. Lakini usiku Bosi alipoita, aliyekimbia ni Sindano peke yake. Fundi, mume wake, alikuwa na kazi ya makochi. Fundi alishika nyundo na mkasi, angejikata. Walikubaliana hivyo, au tuseme Fundi alisema na Sindano akanyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo.

Fundi akageuza shingo ili vidole vifike vizuri. Mwanga wa dirishani ukampiga shavuni, na Sindano akaacha kukanda.

Pale shavuni palikuwa na mkunjo mbichi. Ulianza karibu na sikio ukashuka mpaka jirani na mdomo, mnyoofu, mnene, na mwisho wake palikuwa na kinyota kidogo kilichojichora kwenye nyama kama muhuri.

"Mbona umenyamaza?" Fundi akauliza.

"Leo umelala mahali?"

"Nilale saa ngapi mimi?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nani atanipa hiyo nafasi?"

Sindano aliendelea kukanda, macho kwenye ule mkunjo.

Mtu mwingine angeona mkunjo tu. Yeye alikuwa fundi wa cherehani miaka kumi na moja, na aliujua ule mshono kama mama anavyojua sauti ya mwanawe. Ulikuwa mshono wa kamba, ule unaozungushwa kwenye ukingo wa mto wa kochi. Na kile kinyota alikishona mara moja tu maishani mwake. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja mwenye karakana ya makochi alimletea kitambaa cha rangi ya damu ya mzee amshonee foronya nane za mito. Alipokuja kuzichukua alizigeuza geuza, akasema, "Dada, weka alama yako kwenye pembe. Nataka watu wakikaa wajue nani ameshona." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Alikaa siku nzima akitia kinyota cha uzi mnene kwenye kila pembe, na kijana akaja siku ya pili, na ya tatu, mpaka akamwoa.

Lile kochi la damu ya mzee lilikuwa la nani? Alikumbuka vizuri. Lilikuwa la mama mwenye duka la dawa pale kwenye mzunguko wa barabara, ambaye watu wanamwita Mama Dawa. Mjane. Mrefu, mcheshi, ananukia sabuni saa zote.

Basi ndivyo ilivyo, Sindano akajiambia. Mume wangu analaza shavu nyumbani kwa mjane, kwenye mshono wangu mwenyewe.

Usiku ule Bosi aliita mara tano. Fundi alikoroma mara zote tano.

Asubuhi, Fundi alipokwisha kuondoka, Sindano alimpigia simu mama yake. Mama huyu hakumpenda Fundi tangu siku ya posa. Alitaka mkwe wa ofisini. "Anashona viti vya watu na kwake hamna hata kochi la kukalia mgeni," alisema siku ile, na kweli hadi leo nyumba yao ilikuwa na kigoda kimoja na viti viwili vya plastiki. Sasa aliposikia sauti ya bintiye hakuuliza hata kuna nini.

"Nikufuate saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Usije nyumbani. Njoo karakana kwake. Nataka nimpe vidonge vyake kwanza, kisha twende."

"Nilisema mimi," mama akasema. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama."

Akafunga nguo za mtoto kwenye mkoba, akatia chupa ya maziwa aliyoyakamua, akamfunga Bosi mgongoni kwa mbeleko, akatoka. Saa nane kasoro alikuwa mbele ya kaunta ya duka la dawa. Mama Dawa alikuwa anahesabu vidonge kwa kisu kisicho na makali, viwili viwili. Mwanamke wa umri ule huamkiwa. Sindano hakumwamkia.

"Nimekuja kuulizia mume wangu."

Mama Dawa akamtazama juu ya miwani. "Mume wako nani?"

"Fundi wa makochi."

"Afadhali umekuja." Akaweka kisu chini. "Yuko wapi?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe."

"Hapana, mwanangu, mwenye haki ya kuuliza ni mimi. Kochi langu lilivunjika mguu wa nyuma, akalichukua, akaniambia siku tano. Leo ni wiki ya tatu. Nikimpigia simu ananiambia springi. Kesho yake sponji. Keshokutwa gundi haijakauka. Gundi gani hiyo isiyokauka wiki tatu? Sebuleni kwangu wageni wanakalia ndoo."

Sindano akashika kaunta. "Kochi liko kwake?"

"Liwe wapi?" Mama Dawa akamtazama tena, safari hii polepole, macho mekundu, midomo iliyokauka, kifungo cha blauzi kilichofungwa kwenye tundu la jirani yake. Akaelewa. Hakucheka, ingawa alitaka. "Wewe ulidhani mumeo namhifadhi mimi? Mwanangu, mimi nilishapata mmoja akanitosha. Wako simtaki. Nataka kochi langu."

"Nisamehe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umelala lini mara ya mwisho?"

"Nani analala na mtoto wa wiki saba?"

"Mtu mwenye mume."

Sindano akatazama zile rafu nyuma ya Mama Dawa, chupa na vikopo mpaka darini. "Huna kitu cha kunipa?"

"Hiyo yako haina kidonge," Mama Dawa akasema. "Hiyo inataka mtu wa pili."

Kutoka pale mpaka karakana ni mwendo wa dakika kumi. Sindano aliutembea kwa dakika sita, na kila hatua hasira ilibadilika umbo. Mjane alikuwa ameondoka kichwani, na pale alipokuwa amekaa pakaingia kitu kingine kibaya zaidi, ambacho bado hakikuwa na jina.

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Kwenye ubao mtu alikuwa ameandika kwa chaki: NIMEKWENDA KUNUNUA SPONJI. Akasukuma. Ndani mlinukia gundi na vumbi la pamba. Viti vilivyovuliwa nguo vilisimama ukutani, mbavu nje. Akapita meza ya kukatia, akapita mashine, akafika nyuma kule penye pazia la gunia, akalivuta.

Fundi alikuwa amelala usingizi wa pono. Miguu yote minne ya kochi ilikuwa imara. Lilikwisha kutengenezwa zamani. Viatu vyake vilipangwa chini kwa adabu, kisigino kwa kisigino. Shavu la kulia lilikuwa juu ya mto wa damu ya mzee, kwenye pembe, na mdomo wazi. Na kilichomfunika, tangu kifuani mpaka vidoleni, ni shuka la maua.

Shuka lile Sindano alilitafuta wiki mbili. Alimtuhumu jirani kwamba amelianua kwenye kamba. Mpaka leo hawasalimiani.

Hakupiga kelele. Alirudi mezani, akachukua nyundo ya mbao, akaishusha juu ya ubao mara moja tu.

Fundi aliruka akasimama wima kabla macho hayajafunguka. "Sponji," akasema. "Ndio nilikuwa naenda."

"Lala. Usiamke kwa ajili yangu."

"Mke wangu. Si kama unavyofikiri."

"Kufikiri nilimaliza. Sasa naona." Bosi alijinyoosha mgongoni, akanyamaza tena. "Ningekukuta na mwanamke ningejua la kufanya. Ningempiga yeye, nikakupiga na wewe, nikaenda kwetu nalia, watu wakanihurumia. Sasa nitawaambia nini? Mume wangu nimemfumania na kochi?"

Hapo Fundi akafanya kosa. Akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha woga, lakini kilitoka. Sindano akaitua nyundo polepole mezani, maana aliona mkono wake unaanza kuwa na mawazo yake mwenyewe.

"Cheka vizuri. Mtu aliyelala ana nguvu za kucheka. Ni kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa nane. Nikichelewa sana kumi na moja."

"Saa tatu nzima." Aliitamka ile hesabu kama mtu anayetaja chakula wakati wa njaa. "Saa tatu kila siku, kwenye mto wangu, ndani ya shuka langu. Kisha unakuja nyumbani, unavuta kigoda, unaniambia hukupata pa kuegemea. Na mimi nakukanda mabega. Mimi, Fundi. Mkono huu mmoja, huku mwingine umeshika mtoto. Nakukanda mabega ya mtu aliyetoka kulala."

Fundi akainamisha kichwa. "Hilo la mabega nilikosea."

"Hilo tu?"

"Sindano, nisikilize. Unajua sisi misumari midogo tunaiweka mdomoni, tunatoa mmoja mmoja kwa ulimi tunapigilia. Wiki ya tano baada ya kuzaliwa mtoto nilisinzia nimesimama, misumari kumi na tano mdomoni. Nilishtuka mmoja umefika kooni. Niliukohoa nikautazama mkononi, nikakaa chini. Kochi hili lilikuwa limeletwa siku ileile, nalo ndilo lililokuwa karibu. Nililala. Kesho yake nikalala tena."

"Usinzie kwa kitu gani? Usiku kucha unakoroma."

Fundi akainama. Alichukua viatu vyake, akaviweka chini tena palepale.

"Jibu."

"Si mara zote ninakoroma kweli."

Sindano akasogea hatua moja. "Rudia."

"Mtoto akilia naamka. Naamka kabla yako. Nasikia ukimbembeleza, nasikia ukimbadilisha nepi, nasikia ukilia wewe mwenyewe chini chini. Naogopa kuinuka. Basi nafumba macho."

"Na unakoroma."

"Na nakoroma."

"Makusudi."

"Siku ya tatu nilimwinua mtoto. Unakumbuka? Ukaninyang'anya. Ukasema namshika kama mto wa kochi, nitamvunja shingo. Mikono yangu hii, mke wangu, imezoea kubana springi. Nikasema kweli, nitamvunja. Bora nijifanye nimelala kuliko nimuumize mtoto."

Sindano alikumbuka. Alikumbuka hata shati alilovaa Fundi, na jinsi alivyobaki amesimama katikati ya chumba mikono mbele, ikiwa mitupu. Maneno yale yalikuwa yake, hakuweza kuyakana. Yalimchoma, na yalipomchoma yakamwongezea hasira, kwa maana hakutaka kuwa na kosa leo. Leo ilikuwa zamu ya Fundi.

"Nilikunyang'anya mara moja," akasema. "Ukakoroma wiki saba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa macho, unanisikia nalia, ukakoroma ili nisikuombe."

"Ndiyo."

"Mjane angekuwa nafuu."

Fundi akainua uso. Kile kinyota kilikuwa pale pale shavuni, kibichi, na alijigusa kama aliyejua kinatazamwa. "Makochi ni mengi humu. Hili lina springi ngumu kuliko yote. Nililala hapa kwa sababu ya alama yako. Nikiweka shavu nahisi—"

"Usinihubirie. Usinitolee maneno ya barua za shuleni. Unajua leo asubuhi kumetokea nini?"

"Nini?"

"Nilikuwa namwogesha." Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli. "Nilimlaza kwenye beseni, mkono wangu chini ya shingo yake, hivi. Kisha nikashtuka. Sijui dakika ngapi. Sijui kama ni dakika. Mkono ulikuwa umelegea, na maji yalikuwa yamefika hapa." Akagusa kidevu chake. "Hapa, Fundi. Alikuwa ananitazama tu. Hata hakulia. Ananitazama, maji yako mdomoni karibu yaingie, na mimi mama yake nimelala nimechuchumaa. Na wewe ulikuwa umetoka kukoroma, unakuja huku kumalizia."

Uso wa Fundi ulibadilika rangi, ukawa kama majivu. Akanyoosha mikono yote miwili, ile ya kubana springi, akaiacha hewani.

"Nipe," akasema.

"Utamshika vipi?"

"Sijui. Nipe."

Sindano alifungua fundo la mbeleko. Alipomtoa mtoto mgongoni alihisi baridi mahali alipokuwa, na kwa sekunde moja alitaka kumrudisha. Akamweka mikononi mwa baba yake.

"Mshike kama mto," akasema. "Mito ndiyo unayoijua. Huwa unaangusha mto wa mteja?"

"Hapana."

"Unauburuza? Unaukalia?"

"Hapana."

"Basi. Maziwa yako kwenye mkoba, chupa ya kifuniko cha bluu. Akilia usiniite. Akijisaidia usiniite. Nyumba ikiungua, mtoe mtoto kwanza ndipo uniite. Nalala hapa. Saa kumi na moja mama yangu anakuja kunichukua, na nikiamka naondoka naye. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na koroma uone."

Akajitupa kwenye kochi la damu ya mzee na viatu vyake miguuni. Joto la Fundi lilikuwa bado kwenye kitambaa, na hilo nalo likamuudhi. Alitaka kulala amenuna, kwa heshima ya hasira yake. Hakuwahi. Usingizi ulimchukua kama mtu aliyesukumwa kisimani.

*

Kilichomwamsha ni sauti ya mama yake, ile sauti ambayo hata akinong'ona inafika nyumba ya tatu.

"Nimesema mwamshe."

"Mama, shusha sauti kidogo."

Sindano hakufungua macho. Mwanga ulikuwa umehama kutoka dirisha moja hadi jingine. Shuka la maua lilikuwa juu yake, na viatu vyake mtu alikuwa amemvua. Upande wa pili wa pazia la gunia kivuli cha Fundi kilisimama mlangoni, kipana kuliko kawaida, kwa kuwa kilikuwa kimebeba kitu begani.

"Unanizuia mimi kumwona binti yangu?"

"Sikuzuii kumwona. Nakuzuia kumwamsha. Wewe ni wa pili. Mwenye kochi amekuja na mkokoteni na watu wawili wa kubeba. Nimempigia magoti hapo nje. Amechungulia, akasema kochi lake atalichukua Jumatatu."

"Mimi si mteja wako. Mimi nilimzaa."

"Ulimzaa, mama, sikatai. Lakini aliyemchosha ni mimi. Kwa hiyo anayekaa mlangoni ni mimi."

Mama akaguna. "Leo umepata ulimi. Kila nikija kwenu wewe ndipo unapata safari ya kununua sponji."

"Leo sina safari."

"Nilimwambia asiolewe na wewe."

"Uliniambia hata mimi, mama. Siku ya posa, mbele ya watu. Nakumbuka."

Sindano alimsikia mama yake akihema, akipanga silaha nyingine. Ikaja ile ya zamani, ambayo hata yeye mwenyewe alishapigwa nayo mara nyingi.

"Sisi tulizaa watano. Hatukulala mchana. Tulifua, tulipika, tulikwenda kazini, na watoto walikua. Nyinyi mmoja tu, mnaangukia makochi ya watu."

"Ndiyo, mama," Fundi akasema taratibu. "Na wewe nani alikuwa anakwambia ulale?"

Sindano akatega sikio. Kiti kilikwaruza sakafu. Mama yake alikuwa amekaa.

"Hakuna," mama akasema hatimaye, na sauti ikawa ya mtu mwingine, mdogo. "Mtoto wa nne nilimwacha sokoni. Nilifika nyumbani ndipo nikajitazama mgongoni. Baba yao alinicheka mwaka mzima. Aliwasimulia wageni. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mlete huyo mtoto nimshike."

"Hapana, mama. Ndio kwanza amelala. Nimegundua akiegemezwa hivi, kama mto, anatulia."

"Kama mto," mama akarudia. Akacheka, akajizuia.

Sindano alilala palepale kidogo, macho yamefumbwa, akiisikiliza hasira yake. Alidhani ataikuta imekwisha. Ilikuwepo, nzima, imekaa mahali pake. Kilichopungua ni kile kizunguzungu kilichokuwa kinaifanya itapetape. Alikuwa amelala saa mbili na nusu. Alikuwa amesahau kwamba ulimwengu una kingo kali namna hii, kwamba sauti ya nyundo kwa jirani ni nyundo na kitambaa kina rangi. Akainuka, akasogeza pazia.

Wote wawili wakamgeukia. Kwenye bega la Fundi Bosi alikuwa amelowesha shati lote kwa mate.

"Mkoba uko wapi twende?" mama akauliza, kisha akamkodolea macho. "Una nini shavuni?"

Sindano akajipapasa. Chini ya vidole vyake palikuwa na mfereji mnyoofu, na mwisho wake kinyota.

"Leo siji, mama."

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Asubuhi hasira yangu ilikuwa imechoka, ilikuwa inaniangusha mwenyewe. Ya sasa imelala vizuri. Siwezi kuiacha ipotee njiani. Nakwenda kugombana na mume wangu nyumbani kwangu." Akamgeukia Fundi. "Usiku unaanza wewe. Mpaka saa nane utakuwa naye wewe, nami nitalala chumba kile kingine na mlango nimefunga. Kuanzia saa nane utalala wewe, kweli kweli, si kwa maigizo. Ukichoka useme nimechoka. Ukinidanganya tena, hata kwa dakika moja ya usingizi, mama yangu hahitaji kuja kunichukua. Najua njia."

"Sawa."

"Na jirani yetu utakwenda kumwomba radhi wewe kwa ajili ya shuka."

"Jirani gani? Shuka lina nini?"

"Utajua ukifika."

Mama alikuwa amekwisha kusimama, mkoba wake kwapani, anajifanya kutazama viti vilivyovuliwa nguo. Sindano alitazama huku na huku karakana nzima. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na kigoda kilichojaa vipande vya kitambaa. Akavimwaga vipande, akakiburuta kigoda mpaka mbele ya miguu ya Fundi, akakaa na kumpa mgongo.

"Nikande mabega."

Fundi akamtazama mtoto kwenye bega la kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia, ndio uliokuwa huru, akauweka.

"Kaza," Sindano akasema. "Hivyo unamkanda nani?"